Treni ya Nagoya huishia Maibara: kwa nini, na je, nimpitishe mama hapo?

*"Shikamoo mwalimu. Ninasoma Nagoya, kwetu ni Morogoro. Juzi nilikwenda Kyoto kwa treni za kawaida ili nibane matumizi. Nilibadilisha treni Ogaki, halafu tena mahali panaitwa Maibara. Hapo treni iliishia, watu wakatimka mbio, nami nikakimbia bila kujua ninakimbilia nini. Mwenzangu mmoja anasema upana wa reli unabadilika hapo, kama kule kwetu Kidatu. Mwingine anasema ni umeme. Kituo chenyewe kilinishangaza: kikubwa, reli lukuki, lakini nje kimya, mji hauonekani. Labda kilijengwa kwa ajili ya Shinkansen, ile treni ya mwendokasi? Nilipofika Kyoto geti likaikataa kadi yangu ya nauli, TOICA. Nililipa yeni 2,640 taslimu nikapewa karatasi ya Kijapani, na tangu siku hiyo kadi haifungui geti lolote. Mwezi wa Januari mama anakuja kunitembelea, na magoti yanamsumbua. Naogopa kumpitisha hapo. Kituo kile kina nini?"*

Marahaba. Kwanza tuimalize kadi, maana hiyo inakukwamisha kila siku. Haijaharibika. Ulipogusa geti Nagoya, kadi iliandika kwamba umeingia, na bado inasubiri kuandikiwa kwamba umetoka. Kule Kyoto mhudumu alipokea fedha zako lakini hakuifunga safari ndani ya kadi, ndiyo maana kila geti sasa linakuona kama mtu ambaye bado yumo safarini. Ile karatasi ni uthibitisho kwamba nauli umelipa. Ichukue pamoja na kadi, uende dirishani kwenye stesheni ya JR (kampuni za reli za Japani) hapo Nagoya, waikabidhi mashine, waifute ile alama ya kuingia. Hakuna faini, na salio lako liko palepale. Hili halitatuliki kwa simu wala kwa kusoma mtandaoni. Lazima uende mwenyewe na kadi mkononi. Kama karatasi imekupotea nenda tu, ueleze.

Sasa hofu yako kubwa. Nadhani unachoniuliza hasa ni kama Maibara kuna kasoro fulani ya reli inayowalazimisha watu washuke, na kama kasoro hiyo inaweza kumtesa mzazi. Kasoro ya reli haipo. Wenzako wote wawili wamekosea, ingawa yule wa umeme amekosea kwa heshima, kwa sababu angesema hivyo miaka ya nyuma, kuhusu reli ya jirani inayotoka kaskazini, angekuwa sahihi kabisa.

Nianze na upana. Namwelewa mtu wa Morogoro anapofikiria Kidatu, kwani pale kweli reli ya TAZARA yenye upana wa milimita 1,067 inakutana na reli ya kati ya milimita 1,000, na mzigo hauna budi kuhamishwa. Lakini reli za kawaida za JR ni milimita 1,067 upande wa Nagoya na milimita hizohizo upande wa Kyoto (upana uleule wa TAZARA, kama hukuwa unajua). Yenye upana wa 1,435 ni Shinkansen peke yake, na hiyo ina majukwaa yake pembeni, haichangii reli na hizo ulizopanda wewe. Ushahidi ni huu: treni za mizigo huvuka Maibara mchana na usiku bila kubadilisha chochote. Treni ya kulala iitwayo Sunrise, inayotoka Tokyo kwenda Takamatsu na Izumo, hupita hapo usiku. Hata treni ya haraka ya Hida, kati ya Osaka na Takayama, hupita papo hapo. Nyuma yako na mbele yako ni reli moja iliyonyooka.

Umeme nao ni uleule, volti 1,500 za mkondo mnyoofu (DC), kutoka Nagoya hadi Kyoto na kuendelea.

Kinachobadilika ni mwenye treni. Tarehe 1 Aprili 1987 Shirika la Reli la Taifa la Japani, lililokuwa limelemewa na madeni ya takriban yeni trilioni 37, lilivunjwa. Zikazaliwa kampuni 6 za abiria na 1 ya mizigo. Reli kuu ya Tokaido, inayotoka Tokyo hadi Kobe, ikakatwa vipande vitatu: mashariki ya Atami ikawa ya JR East, kati ya Atami na Maibara ikawa ya JR Central, na kuanzia Maibara kwenda magharibi ikawa ya JR West. Ulipotoka Nagoya ulikuwa kwenye treni, madereva na hesabu za JR Central. Ulipovuka jukwaa ukaingia kwa JR West. Konda wa daladala hakukatii tiketi ya basi la mkoani hata kama yote mawili yanapita barabara moja, na hapa ni hivyo hivyo.

Kadi yako iligongana na mpaka huohuo. TOICA ni ya JR Central, ICOCA ni ya JR West, na kila moja inakubalika katika eneo la mwenzake. Sharti ni kwamba uingie na kutoka ndani ya eneo moja. Kuingia kwa kugusa Nagoya na kutoka kwa kugusa Kyoto hairuhusiwi kwa nauli ya kawaida. Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani eneo la TOICA liliishia Sekigahara, na vituo vitatu vya katikati, yaani Kashiwabara, Omi-Nagaoka na Samegai, havikuwa na kadi yoyote. Mwezi wa Machi 2021 eneo likafikishwa Maibara, na wenye tiketi za mwezi wakaruhusiwa kuvuka. Msafiri wa siku moja kama wewe aliachwa. Kwa maoni yangu huu ni uzembe wa kampuni mbili tajiri, lakini ndivyo ulivyo, na dawa yake ni kununua tiketi ya karatasi.

Kwa nini wakakata hapo na si Gifu au Kyoto? Kwa sababu abiria wa kila siku wa Nagoya hupungua sana baada ya Ogaki, na abiria wa kila siku wa Kyoto na Osaka hupungua wanapokaribia Maibara. Kati ya Ogaki na Maibara ni kilomita 35.9 za milima na mashamba. Waliogawa shirika walitafuta mahali ambapo mkasi ungewakata watu wachache zaidi. Tena Maibara palikuwa tayari pana uwanja mkubwa wa kuegesha treni, madereva wa kubadilishana, na njia ya tatu inayotoka kaskazini. Palizoea kuwa mahali pa kukatikia.

Mazoea hayo ni ya zamani kuliko reli. Angalia ramani uone Ziwa Biwa, ziwa kubwa kuliko yote Japani. Mashariki yake umesimama mlima Ibuki wenye mita 1,377, na kusini ya Ibuki kuna safu ya milima ya Suzuka. Kati yao limebaki pengo moja jembamba, Sekigahara, palipopiganwa vita vya mwaka 1600 vilivyoamua nani atatawala nchi. Mtu yeyote aliyetoka mashariki kwenda Kyoto kwa njia ya bara alipenya hapo, akashuka, akakutana na ziwa. Maibara iko pale mteremko unapogusa maji. Ilikuwa bandari ndogo ya mitumbwi na mashua chini ya watawala wa mji jirani wa Hikone, mizigo ikishushwa kutoka mgongoni kwa farasi na kupakiwa majini kuelekea Otsu, mji ulio ncha ya kusini ya ziwa.

Reli ilipokuja, haikuitaka Maibara. Hili wengi hawalijui. Serikali ya enzi ya Mfalme Meiji ilitaka kwanza kuunganisha bandari ya Tsuruga, kwenye Bahari ya Japani, na ziwa. Tarehe 10 Machi 1882 reli ilifunguliwa kutoka Nagahama, mji wa wafanyabiashara ulio kilomita 7.7 kaskazini ya Maibara, kuelekea Tsuruga. Ilifunguliwa ikiwa na tundu katikati: handaki la Yanagase lilikuwa bado linachimbwa, abiria wakashuka na kuvuka mlima kwa miguu. Handaki hilo la mita 1,352 lilikamilika mwaka 1884, likiwa refu kuliko yote nchini wakati huo. Upande wa pili, reli ya kutoka Kobe na Kyoto ilikuwa imefika Otsu mwaka 1880. Kati ya Otsu na Nagahama hapakuwa na reli, palikuwa na ziwa. Basi wakaweka meli za mvuke. Abiria alishuka treni Otsu, akapanda meli, akashuka Nagahama, akapanda treni tena. Ukidhani kubadilisha treni mara mbili ni adha, fikiria hao.

Wakati huo serikali ilikuwa imepanga reli kuu ya Tokyo na Kyoto ipite bara, katikati ya milima. Mwaka 1886 mkuu wa reli, Inoue Masaru, alishauri mpango huo uachwe kwa ugumu na gharama ya milima, na njia ya pwani ya Tokaido ikachaguliwa. Lakini hata njia ya pwani, ikishapita Nagoya, ilielekezwa kwenye pengo la Sekigahara. Kilichobaki ni kuziba mwanya wa ziwa. Reli iliyotoka Otsu kupanda ukingo wa mashariki wa ziwa ilibidi ikunje kuelekea mlimani kabla ya kufika Nagahama, na mahali pa kukunjia ni Maibara. Tarehe 1 Julai 1889 kipande hicho kilifunguliwa, na kwa mara ya kwanza mtu akaweza kupanda treni Shimbashi, Tokyo, akashuka Kobe, safari ya saa 20 na ushei. Siku hiyohiyo kituo cha Maibara kilizaliwa, na meli za reli zikakosa kazi. Nagahama, iliyokuwa mlango wa kila kitu, ikabaki kituo cha kupitia kwenye tawi la kaskazini. Jengo lake la stesheni la mwaka 1882 bado lipo, ndilo la zamani kuliko majengo yote ya stesheni yaliyosalia Japani, na sasa ni jumba la makumbusho ya reli.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kuhusu mji. Kituo kilijengwa miaka 75 kabla ya Shinkansen, na kilijengwa kwa ajili ya treni. Watu walikuwa na miji yao tayari: kusini ni Hikone yenye ngome yake, kaskazini ni Nagahama yenye maduka yake. Maibara iliwekwa katikati kwa sababu ya umbo la ardhi. Waliojaa hapo walikuwa wafanyakazi wa reli: wapiga makaa, mafundi wa vichwa vya treni, wapanga mabehewa. Zile reli lukuki ulizoziona ni mabaki ya uwanja uliokuwa mkubwa kuliko hapo. Duka la Izutsuya, lililoanza kama nyumba ya wageni Nagahama mwaka 1854, lilihamia na reli na kuuza vyakula vya kufungasha jukwaani kuanzia 1889 hadi lilipoacha biashara hiyo Machi 2025. Mji wa Maibara leo, pamoja na vijiji vyake vyote, una watu takriban 37,000.

Sasa turudi kwa yule rafiki yako wa umeme, nimtendee haki. Nyaya za umeme kwenye reli ya Tokaido zilitandazwa kidogo kidogo kutoka mashariki. Zilifika Maibara tarehe 20 Julai 1955 na kusimama hapo. Kwa zaidi ya mwaka mmoja kila treni ndefu iliyotoka Tokyo ilifika Maibara ikivutwa na kichwa cha umeme, kikafunguliwa, kikafungwa cha mvuke, safari ikaendelea kwa moshi hadi Kyoto. Tarehe 19 Novemba 1956 kipande cha mwisho kikapata nyaya, na treni ya haraka iitwayo Tsubame ikaanza kwenda kutoka Tokyo hadi Osaka kwa saa 7 na nusu bila kubadilisha aina ya nguvu.

Mwaka uliofuata likazuka jipya. Reli ya kaskazini, Hokuriku, ilipewa umeme wa aina nyingine: mkondo geu (AC) wa volti 20,000, ambao ulihitaji vituo vichache zaidi vya kupozea umeme njiani. Nyaya hizo zilitoka Tsuruga zikaishia Tamura, stesheni ndogo sana iliyo kilomita 4.7 tu kutoka Maibara. Kati ya Tamura na Maibara hapakuwa na waya wowote. Aina mbili za umeme haziwezi kugusana, na mwaka 1957 vichwa vyenye uwezo wa kutumia zote mbili vilikuwa bado havijawa vya kawaida. Kwa hiyo treni ya kwenda Kanazawa, mji wa kaskazini, ilitoka Maibara ikivutwa na kichwa cha mvuke kwa kilomita 4.7, ikasimama Tamura, kichwa kikatolewa, kikafungwa cha umeme, ndipo safari ikaanza kweli. Kazi hiyo ilifanywa, miongoni mwa vingine, na vichwa vya aina ya E10, ambavyo vilitengenezwa vitano tu. Viliundwa kupanda milima mikali huko kwingine, vikaishia kusogeza treni kwenye tambarare ya ziwa. Nyaya zilifika Maibara mwisho wa 1962, ila hata baada ya hapo vichwa vya dizeli viliendelea kuvuta baadhi ya treni kwenye kilomita hizo hadi miaka ya 1980.

Mpaka wa umeme uliondolewa kwa kusukumwa kaskazini. Mwaka 1991 mkondo mnyoofu ulifikishwa Nagahama, treni za haraka za Osaka zikaweza kwenda moja kwa moja, na mji ule uliopokonywa makutano mwaka 1889 ukafurika watalii. Tarehe 21 Oktoba 2006 mkondo huo ukafika Tsuruga. Tangu hapo, karibu na Maibara hakuna tena tofauti yoyote ya umeme kwa abiria wa treni za kawaida. Kwa hiyo meli iliondoka, mvuke ukaondoka, mikondo miwili ikaondoka. Kila mpasuko wa kiufundi umeshonwa. Uliobaki ni ule uliowekwa kwa kalamu mwaka 1987, na huo hauna fundi wa kuushona.

Kuhusu Shinkansen: ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, na wapimaji walipenda kwanza kutoboa milima ya Suzuka ili ifike Kyoto kwa njia fupi. Mahandaki yangechukua muda mrefu mno, na Michezo ya Olimpiki ilikuwa inakaribia. Wakarudi kwenye pengo lilelile la Sekigahara. Maibara ikapewa kituo ili abiria wa Hokuriku waunganishe safari. Hadi leo ni kituo pekee cha Shinkansen katika mkoa mzima wa Shiga. Cha pili kilianza kujengwa Ritto mwaka 2006, lakini mwaka huohuo wapiga kura walimchagua gavana Kada Yukiko aliyepinga gharama zake, na mwaka 2007 mradi ukafutwa. Nozomi, yaani Shinkansen zinazosimama vituo vichache zaidi, hazisimami Maibara. Husimama zile za polepole zaidi: Kodama na baadhi ya Hikari.

Usije ukadhani Maibara imekuwa ikipanda tu. Mwaka 1974 ilifunguliwa reli ya Kosei, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, na treni za Osaka kwenda Kanazawa zikahamia huko kwa kuwa ni karibu zaidi. Ila magharibi kuna pepo kali zinazoshuka kutoka milima ya Hira. Zikivuma sana reli ile hufungwa, na treni za haraka za njia hiyo, ziitwazo Thunderbird, hulazimika kuzunguka kupitia Maibara. Na sasa kuna mvutano mwingine. Shinkansen ya Hokuriku ilifika Tsuruga Machi 2024 na haijajulikana itafikaje Osaka. Mwaka 2016 ilichaguliwa njia ya kupitia mji wa Obama na Kyoto, takriban kilomita 140, iliyokadiriwa wakati huo kwa yeni trilioni 2.1. Njia ya kuiunganisha Maibara ilikuwa kilomita 50 kwa yeni bilioni 590, isipokuwa abiria wangebadilisha treni hapo. Makadirio ya njia ya Kyoto yamepanda sana tangu hapo, na wanaoitetea Maibara wamepata sauti upya. Mimi nimo upande wao, nakiri, ingawa najua mtu wa Kanazawa mwenye masanduku hafurahii kusikia neno "kubadilisha".

Hapo tumefika kwa mama.

Zile mbio ulizoziona zina mantiki, lakini si kwa upande uliokuwa unakwenda. Treni ya JR West inayoanzia Maibara kwenda Kyoto mara nyingi ni ndefu, hata mabehewa 12, na nyingine huongezewa mabehewa hapohapo. Waliokimbia walitaka viti vya dirishani upande wa ziwa, au walikimbia kwa mazoea. Ukitoka Nagoya kwenda Kyoto, tembea. Kiti kipo, hasa ukienda mabehewa ya mbali na ngazi. Kinyume chake ndiko kwenye shida: ukirudi kutoka Kyoto, watu wa treni ndefu humiminika kwenye treni fupi ya JR Central kuelekea Ogaki. Siku za wikendi na za likizo za wanafunzi, zile zenye Seishun 18, tiketi ya bei nafuu ya treni za kawaida, asiyekimbia husimama. Mama hatakimbia. Kituo kina lifti kutoka jukwaani hadi kwenye daraja la juu lililojengwa upya mwaka 2009, kwa hiyo ngazi si tatizo. Tatizo ni dakika chache za kubadilisha na umati.

Hesabu ya fedha ni hii. Kwa treni za kawaida ni kilomita 147.6, yeni 2,640, zaidi ya saa 2 na mabadiliko mawili. Kwa Nozomi ni kama dakika 35 bila kubadilisha, na unalipa karibu mara mbili. Kwa mtu wa magoti mabovu katika mwezi wa Januari, ningelipa. Nisingefanya hivyo kwenda na kurudi kama fedha ni ya mwanafunzi. Basi, kwa kuwa taabu iko kwenye kurudi, nendeni kwa treni za kawaida mkiwa na nguvu asubuhi, mrudi kwa Nozomi jioni mkiwa mmechoka.

Usichague Shinkansen kwa kudhani utaikwepa theluji, lakini. Inapita pengo lilelile. Upepo wa Bahari ya Japani hupenya hapo na kumwaga theluji Sekigahara, na juu ya Ibuki tarehe 14 Februari 1927 ulipimwa unene wa mita 11.82, rekodi ya dunia. Shinkansen ya Tokaido ilijengwa juu ya matuta ya udongo na kokoto. Katika miaka ya mwanzo, theluji iliyoganda chini ya mabehewa ilikuwa ikidondoka kama jiwe na kurusha kokoto hadi madirisha yakapasuka. Siku hizi wananyunyizia maji ili theluji iwe nzito isipeperuke, lakini hawawezi kumwaga mengi kama kwenye Shinkansen ya Joetsu, ambayo imejengwa kwa zege, kwa sababu tuta la udongo litaloa na kulegea. Kwa hiyo hupunguza mwendo. Theluji ikianguka usiku, tarajia kuchelewa kwa treni zote mbili, na msipange ndege siku hiyohiyo.

Mkipita kwa treni za kawaida, nunua tiketi ya karatasi ya Nagoya hadi Kyoto. Kwa kuwa imezidi kilomita 100, inadumu siku 2 na inaruhusu kushuka njiani na kupanda tena. Hikone ni kilomita 6 tu baada ya Maibara, lakini ngazi za ngome yake ni kali kama za dari, kwa hiyo mama mwachie picha za nje. Afadhali Nagahama: nauli ndogo ya ziada, jumba la stesheni ya 1882 liko hatua chache kutoka kituoni, na ardhi ni tambarare. Karibu na Maibara, kwenye kituo cha majaribio cha taasisi ya utafiti wa reli, kuna vichwa vitatu vya Shinkansen za majaribio, kimoja kikiwa cha 300X iliyofikia kilomita 443 kwa saa mwaka 1996 kati ya Maibara na Kyoto. Vinaonekana vizuri kutoka treni za kawaida, maana ile ya mwendokasi inavipita kabla hujageuza shingo.

Magoti yakiwa mabaya kiasi cha kuhitaji kiti cha magurudumu, usitegemee maelezo yangu wala ya mtu yeyote wa mbali. Nenda dirishani Nagoya siku moja au mbili kabla, uwaambie treni mtakayopanda na mahali mtakapobadilisha. Watapigia simu Ogaki na Maibara, na mhudumu atawasubiri jukwaani na ubao wa kuvukia. Hilo kampuni mbili hizi hulifanya vizuri kwa pamoja. Ukienda, beba na ile kadi yako. Ni dirisha lilelile.